Ukingo wa Husuni Kubwa: kisa cha Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya hatari, 2004 hadi 2014

Ukisimama gatini Kilwa Masoko maji yakiwa yamejaa, jengo la kwanza unaloliona ng'ambo ni Gereza, ngome ya zamani. Limekaa pwani kabisa, na minara yake ya duara, kama mtu aliyetumwa kupokea wageni akasahaulika hapohapo. Wageni wengi hulipiga picha wakiwa bado ndani ya mashua. Wakishuka hupelekwa Msikiti Mkuu, kisha kasri ya Makutani, na kama jua halijawashinda huendelea kwa miguu kuelekea mashariki, kilomita moja hivi, mpaka Husuni Kubwa. Wengi hushindwa na hilo jua, hurudi Masoko kula pweza.

Kisa hiki kinaanzia huko wasikofika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Miaka 23 baadaye, mwaka 2004, kamati ya urithi wa dunia ilipokutana Suzhou, China, iliyaweka pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Magofu yalikuwa yanaporomoka, na mfano uliotajwa waziwazi ulikuwa upande wa mashariki wa Husuni Kubwa: jumba lilikuwa linapungua kidogo kidogo, likimezwa na ukingo wa mwamba lilipojengwa. Mwaka 2014, kikao cha kamati hiyo kilichofanyika Doha, Qatar, kiliitoa Kilwa kwenye orodha hiyo. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia.

Ila nimekuwa nikisikia kisa hiki kikisimuliwa kama hadithi ya mgonjwa aliyelazwa, akadungwa sindano, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Sivyo kilivyokuwa. Ukikifuatilia kwa karibu utaona kila dawa iliyotumika Kilwa ilikuwa inachota mahali pengine palepale Kilwa. Aliyeokoa ukuta alihitaji chokaa, chokaa ikataka kuni na matumbawe, na kuni na matumbawe ndivyo vilivyokuwa vikiyazuia mawimbi yasiufikie ukuta. Hapo ndipo penye somo kwa yeyote mwenye nyumba ya mawe Mikindani, Kilwa Kivinje, Lindi mjini au Sudi.

Jumba lenyewe kwanza. Husuni Kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ndiye aliyekuwa akitawala msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331. Fedha ilitoka kwenye dhahabu ya Sofala, kusini kabisa, Msumbiji ya leo, ambayo njia yake ya kwenda Bahari ya Shamu na Ghuba ilipita mikononi mwa Kilwa. Jina husuni lina asili ya Kiarabu, maana yake ngome, lakini hili halikuwa ngome. Lilikuwa makazi ya mtawala upande mmoja na uwanja wa biashara wenye maghala upande mwingine, vyumba zaidi ya 100 kwa jumla, na birika la kuogea lenye pande nane ambalo mpaka leo watoto wa kisiwani hulionyesha kwanza kuliko kitu kingine chochote. Yeyote aliyechagua kiwanja alichagua vizuri: juu ya mwamba, upepo wa bahari unaingia kila chumba, na ngazi zinashuka mpaka pwani.

Alichagua vizuri kwa upepo. Kwa maji ya mvua alichagua vibaya sana.

Tena jumba halikukaliwa muda mrefu. Inaonekana hata sehemu zake hazikuwahi kumalizwa. Hili lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu nyumba ya mawe ya pwani haiishi kwa mawe yake, inaishi kwa watu wanaoipaka chokaa kila mwaka au miaka miwili, wanaopanda darini baada ya mvua na kuziba ufa wa kidole kabla haujawa wa mkono. Msikiti Mkuu ulipata bahati hiyo. Sehemu yake ya kaskazini ni ya kale zaidi, karibu karne ya 11; upanuzi mkubwa wa kusini, wenye kuba, ulifanywa zama zilezile za Abu al-Mawahib, ukaanguka, ukajengwa upya karne ya 15. Ulianguka, ukainuliwa, ukaswaliwa ndani yake vizazi na vizazi. Husuni Kubwa halikupata mtu wa kuliinua.

Sasa tuuangalie ukuta, maana bila kuujua ukuta huwezi kuuelewa ugonjwa. Majengo haya yana jiwe la aina mbili. Moja ni jiwe gumu la tumbawe la nchi kavu, lile lenye matundu na kingo kali ambalo ukitembea peku Kilwa unalijua kwa nyayo zako. Hilo ndilo la kujazia ukuta. La pili ni tumbawe laini linalokatwa likiwa bado bichi, chini ya maji, na kuchongwa kabla halijakauka likawa gumu. Hilo ndilo la kibla, mihimili ya milango, mapambo na kona. Kati ya mawe hayo kuna chokaa na mchanga, na juu ya ukuta wote kuna lipu ya chokaa. Dari za kawaida zilibebwa na boriti za mkoko, ndiyo maana vyumba vya Waswahili wa kale ni virefu na vyembamba: boriti ina urefu wake, huwezi kuibembeleza ifike mbali zaidi. Palipotakiwa nafasi pana au fahari, mafundi walipiga kuba na matao.

Ukuta wa namna hii ni kama sandwichi nene. Nyuso mbili zimepangwa vizuri, katikati kumejazwa mawe ya ovyo na chokaa. Dari likiwepo, katikati hapo ni pakavu. Dari likiondoka, sehemu ya juu ya ukuta inabaki wazi kama chungu kisicho na mfuniko. Masika yakifika, maji yanaingia juu, yanatafuta njia ndani, yanaosha chokaa kidogo kidogo, na ukuta unaanza kutumbuka katikati huku ukionekana mzima kwa nje. Siku unapolala chini, watu husema umeanguka ghafla. Haujaanguka ghafla. Umekuwa ukianguka miaka mia mbili.

Ukiongeza mbegu, mambo yanaharakishwa. Mikuyu ina tabia ya kuota juu ya kuta, na anayeipanda ni ndege au popo aliyekula kuyu mahali pengine akaja kupumzika juu ya ukuta. Njiwa, kunguru, popo wa kwenye kuba, wote ni wakulima wasiolipwa.  Kinyesi kinabaki juu ya ukuta na mbegu yake ndani. Mzizi wa mkuyu unaingia kwenye ufa ukiwa mwembamba kama uzi, ukifuata unyevu ulioko katikati. Baada ya miaka kadhaa ni mnene kama paja la mtu mzima, na ukuta ulioupa makazi unagawanyika vipande viwili.

Hapa ndipo fundo la kwanza la Husuni Kubwa lilipofungwa, na nitalikalia kwa sababu sijaona lingine linaloeleza vizuri zaidi jinsi kazi hii ilivyo ngumu. Jumba liko ukingoni. Mvua inayonyesha juu ya kiwanja inatafuta bahari, na njia fupi ni kupita kwenye ukingo. Inachukua udongo. Udongo ukiondoka, msingi wa ukuta ulio karibu na ukingo unabaki hewani. Kinachopunguza kasi ya maji hayo ni majani, vichaka na miti iliyoota kwenye ukingo, kwa kuwa mizizi yake inashika udongo. Lakini mizizi hiyohiyo ndiyo inayovunja ukuta. Kata vichaka vyote, ukuta unapumua lakini udongo unaondoka na masika ya kwanza, na ukuta unafuata. Viache, udongo unakaa lakini kuta zinapasuka moja moja. Taarifa za urithi wa dunia zenyewe zililieleza hili bila kuficha: mimea ya ukingoni ilikuwa inazuia maji yasizidi kula udongo, na papo hapo ilikuwa inabomoa majengo.

Mtu mwenye haraka anakuja na panga na kibiriti. Nimewaona watu wa namna hiyo kwenye magofu mengine ya pwani, wakifurahi jinsi mahali palivyosafishika. Picha za siku hiyo hupendeza kweli. Baada ya masika mawili nenda tena.

Njia inayokubalika ni ya subira, na haipendezi kwenye picha. Mti ulioota juu ya ukuta unakatwa shina lakini mzizi haung'olewi, kwa sababu kwa hatua hiyo mzizi umeshakuwa sehemu ya ukuta; ukiuvuta unavuta na mawe. Unaachwa ufe humo, unakatwa tena kila unapochipua, na pale unapooza, tundu linajazwa chokaa na mawe madogo. Kwenye mteremko wa ukingo unaacha majani na vichaka vidogo vyenye mizizi ya juujuu, unaondoa tu miti mikubwa ambayo upepo wa kusi ukiiangusha itang'oa kipande cha ukingo. Halafu, na hili ndilo watu husahau, unageuza maji kabla hayajafika ukingoni: mfereji mdogo upande wa juu unaoyapeleka mahali yanapoweza kushuka bila kuchukua jumba. Mfereji huo ukizibwa na majani kabla ya masika, kazi yote nyingine ni bure. Kazi iliyobeba uhai wa jumba la sultani ni ya mtu mwenye jembe na toroli, mwezi wa pili, kabla mvua haijaanza. Hakuna anayekatiwa utepe kwa kazi hiyo.

Sehemu ya juu ya kuta nayo inafunikwa. Zinawekwa tabaka za mawe na chokaa zenye mgongo kidogo ili maji yateleze, na tabaka hilo limekusudiwa kuliwa na mvua badala ya ukuta. Baada ya miaka linarudiwa. Kwa Kiswahili cha mafundi ni kofia tu, na kama kofia yoyote huchakaa.

Sasa chokaa, fundo la pili. Kwa nini siyo saruji? Swali hili unaulizwa kila mara, tena na watu wenye akili timamu, na kusini mwa leo lina nguvu kuliko zamani: kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote kilizinduliwa Mtwara mwaka 2015, mfuko unapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na fundi anamaliza ukuta kwa siku ambazo chokaa ingekuwa bado haijaanza kukauka. Jibu liko kwenye jiwe lenyewe. Tumbawe lina vitundu vingi, linavuta unyevu na chumvi ya bahari mchana na usiku. Chokaa nayo inapitisha hewa, hivyo unyevu unatoka kupitia kwenye maungio na lipu, na chumvi ikiganda inaganda kwenye lipu, ambayo ni rahisi kuipaka upya. Saruji ni ngumu na haipitishi. Unyevu ukizuiwa kutoka kwenye maungio unatokea kwenye jiwe, chumvi inaganda ndani ya uso wa jiwe, inavimba, na uso unamenyuka kama ngozi iliyoungua. Ukipita mahali palipozibwa kwa saruji miaka ya nyuma utaona ajabu hii: michirizi ya saruji imesimama imara kama vizimba, na mawe katikati yake yameliwa yakaingia ndani. Saruji imeshinda na ukuta umekwisha.

Chokaa basi. Chokaa ya pwani yetu tangu zamani huchomwa kwenye tanuru lisilo na kuta: magogo yanapangwa duara, tabaka juu ya tabaka, mawe ya tumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa katikati, linawaka usiku kucha na mawe yanashuka magogo yakiteketea. Kinachobaki ni jiwe jeupe jepesi ambalo ukilimwagia maji linachemka na kupasuka na kuwa unga. Unga huo ukilowekwa na kufunikwa kwa miezi unakuwa laini na mzuri zaidi. Kisha unachanganywa na mchanga, unapakwa tabaka nyembamba, na unanyunyiziwa maji siku nyingi ili usikauke haraka, maana chokaa haikauki tu: inavuta kaboni daioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, polepole. Fundi aliyezoea saruji huona kazi hii kama adhabu.

Magogo gani? Kwa kawaida mikoko, kwa sababu inawaka kwa joto kali na ipo karibu, au minazi iliyozeeka. Tumbawe gani? Lililo rahisi kupata maji yakitoka. Ghuba ya Mikindani inaijua vizuri historia hii. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa umekuwa tatizo la miaka mingi pale, na miamba iliyochimbwa haikurudi kwa samaki wala kwa mawimbi. Kwa hiyo fikiria mtu wa mambo ya kale anayekuja Kilwa na fedha ya kutengeneza kuta nyingi, anaagiza chokaa nyingi ya asili, na anasema kwa fahari kwamba ametumia vifaa vya wenyeji. Kama hakuuliza chokaa ilichomwa kwa kutumia kuni gani na mawe gani, huenda amekarabati kuta kwa kukata kinga ya kuta hizohizo.

Njia ya kutokea ipo, ila inahitaji msimamo. Jiwe la kuchomwa litoke kwenye tumbawe la kale la nchi kavu, siyo lililo hai majini. Kuni ziwe za minazi isiyozaa au za miti ya kupandwa, na tanuru liwe lenye kuta, ambalo hutumia kuni kidogo kwa sababu joto halipotei. Haya yote yanapandisha bei ya ndoo moja ya chokaa. Ni bei ya haki.

Kinga hiyo ya mikoko ndiyo inayotupeleka kwenye Gereza. Hili ni jengo la umri mdogo kuliko Husuni Kubwa. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa Julai 1505, wakajenga ngome haraka, wakaiacha mwaka 1512. Gereza tunaloliona lilijengwa na Waomani karibu mwaka 1800 mahali palipokuwa na mabaki ya ngome hiyo. Hizo zilikuwa zama ambazo biashara kubwa ya Kilwa ilikuwa watu: mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Baadaye biashara ilihamia Kivinje na kisiwa kikabaki na wavuvi wake. Nasema haya kwa sababu mara nyingine wageni huuliza kwa nini tuhangaike kuokoa jengo lenye jina la gereza. Ninajibu kwamba ukilibomoa, walioteswa hawapungui hata mmoja.

Adui wa Gereza ni mawimbi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu wakati wa bamvua hupita mita 3, na maji ya bamvua yakikutana na upepo unaoelekea ufukweni yanagonga pale ambapo siku za maji mafu pako pakavu. Zamani kulikuwa na mikoko. Ilipokatwa kwa kuni, boriti na nafasi ya kuegesha vyombo, wimbi lilipata njia. Dawa iliyowekwa ni vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, vimepangwa kama ngazi mbele ya ufukwe, pamoja na kupanda mikoko upya, kazi iliyofanywa na wenyeji.

Vikapu vya mawe vinafanya kazi, nami siwalaumu walioviweka; palikuwa panazama. Lakini waya hula kutu kwenye maji ya chumvi, na wimbi lililozuiwa halipotei, linakwenda kuchimba pale vikapu vinapoishia. Ndiyo dawa nyingine inayochota pembeni. Mikoko haina tatizo hilo, ila ina lake: huwezi kuipanda popote. Kati ya aina za mikoko, mlilana husimama mbele, kwenye tope linalofunikwa na kila maji. Mkoko nyuma yake. Mkandaa na mchu mahali pa juu zaidi. Panda mkoko kwenye mchanga unaogongwa na wimbi, na baada ya msimu mmoja utakuta vijiti vimelala. Maeneo ya kupanda yanachaguliwa na anayejua tope, na mara nyingi huyo ni mama anayekwenda kuokota chaza, siyo mtaalamu aliyeshuka kwenye mashua saa nne asubuhi.

Hapa nafika kwa watu, sehemu ambayo kwenye taarifa nyingi hupewa aya moja mwishoni. Kilwa Kisiwani siyo uwanja wa magofu wenye kijiji; ni kijiji chenye magofu ndani yake. Watu wanalima, wanafuga, wanazika, wanajenga. Sheria ya mambo ya kale ya 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863 popote vilipo, na jiwe la ukuta ulioanguka ni mojawapo. Lakini jiwe hilo limelala pale, limeshachongwa, na nyumba ya mtu inahitaji msingi. Kwa karne nyingi ndivyo miji ya pwani ilivyojijenga, nyumba mpya ikila ya zamani. Makutani, kasri ya karne ya 18, ipo mahali ambapo kulikuwa na majengo kabla yake. Mimi siwezi kumtazama mzee wa kisiwani machoni na kumwambia kwamba babu yake alikuwa mwizi.

Kwa hiyo kati ya yale yaliyoitoa Kilwa kwenye orodha mwaka 2014, ninayoyapa uzito mkubwa ni mambo mawili. Kwanza, mipaka ya eneo iliwekwa wazi na mpango wa usimamizi na matumizi ya ardhi ukaandikwa, ili mwanakijiji ajue ajenge wapi bila kubahatisha. Pili, mikono ya kisiwani ilifundishwa kazi. Katika miaka ile Ufaransa na Japani zilichangia ukarabati kupitia UNESCO. World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, iliiweka Kilwa kwenye orodha yake ya maeneo 100 yaliyo hatarini mwaka 2008, kisha ikasaidia ukarabati wa majengo kadhaa. Mfuko wa Urithi wa Dunia wa Afrika nao uliingia. Fedha hizo zilikuja na kuondoka. Mtu aliyejifunza kuloweka chokaa na kupaka kofia ya ukuta amebaki Kisiwani, na mwanawe amemwona akifanya.

Na walioingia kabla yao? Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, na mengi tunayoyajua kuhusu Husuni Kubwa yametoka kwenye jembe lake. Ila kila ukuta unaofukuliwa unapoteza udongo ulioushikilia kwa karne kadhaa. Ukishaufukua umejitwika ulezi wake. Kwa muda mrefu ulezi huo haukuwa na mwenyewe.

Tangu Kilwa itoke kwenye orodha, usimamizi umehamia TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na meli za watalii zimeanza kutia nanga mbele ya kisiwa. Watu walicheka mwanzoni, kwamba askari wa wanyamapori atamlinda msikiti kama tembo. Mimi sicheki sana. Wana mashua, wana magari, wana watu wa doria, vitu ambavyo mambo ya kale hawakuwa navyo vya kutosha. Ninachojiuliza ni kama wanaye fundi chokaa kwenye orodha ya mishahara, mwenye ajira ya kudumu na siyo kibarua cha mradi. Ng'ambo, Masoko, bandari ya uvuvi imekuwa ikijengwa. Tunaihitaji. Lakini mkondo kati ya Masoko na Kisiwani ni mwembamba, na chochote kinachobadilisha mwendo wa maji upande mmoja kinapaswa kupimwa kwenye ufukwe wa Gereza upande wa pili, kwa alama zilizochorwa na tarehe zilizoandikwa, siyo kwa macho ya kukisia.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu. Habari zote zilikuwa za barabara iliyokatika Somanga na magari yaliyolala foleni upande huu na ule, na ndivyo ilivyopaswa, watu kwanza. Lakini mvua ya aina ile, inayomwaga kwa siku chache maji ya mwezi mzima, ndiyo hasa ambayo mfereji wa juu ya Husuni Kubwa ulichimbwa kuisubiri. Ukifika Kisiwani, usirudi baada ya Msikiti Mkuu. Endelea mashariki kwenye jua, ulione birika la pande nane, kisha muombe mwenyeji wako akupeleke upande wa juu wa jumba, ukaangalie kama mfereji umezolewa majani.